Gari Limeshushwa

Baba Pacha,

Ukitoka zamu, chai iko kwenye chupa. Sare za pacha hazijapigwa pasi.

Mwenzio leo yamenikuta. Asubuhi nimekuta gari limelala chini, nikadhani limevunjika. Nikapiga magoti kuliombea, ndipo nikaona springi mpya, fupi, na rimu zinazong'aa. Mume wangu! Jana uliposema, “Leo nashusha gari,” nilijua unashusha mifuko ya saruji kutoka garini. Ndiyo maana nikakujibu, “Shusha, Mungu akutie nguvu.” Nami nikaenda zangu kwenye darasa la watu wazima, kufundishwa maneno yenye maana mbili!

Nikimpeleka mama yako kliniki, getini gari limekwama tumbo kwenye tuta. Yeye, na goti lake lile bovu, akashindwa kutoka garini. Tumemvuta mimi na jirani, naye anauliza, “Jamani, kiti kimezama?” Kliniki tumekwenda kwa teksi, na kesho ana miadi tena.

~~Rimu nazo zirudi dukani.~~ Rimu ziache, zinapendeza. Springi za zamani nimezilaza kitandani, upande wako. Zikirudi kwenye gari, nawe utarudi kitandani.

Nakuombea,
Mama Pacha