Futa Sifa Zako Kabla ya Ijumaa

Chumba cha mwisho barazani, chini ya ngazi,
Jumanne, tarehe kumi na moja.

Mpendwa mpwa wangu,

Nina miaka sabini na minane. Nimezika wenye jengo hili wawili, nimemaliza cherehani tatu za kushonea ngozi, na mafundi viatu wote walioanza nami mtaa huu nimewasindikiza makaburini. Bado natunga uzi bila miwani. Nasema haya mapema usije ukadhani mjomba kazeeka, hajui anachotaka.

Hujambo lakini? Mkeo hajambo? Mgongo wako umepona? Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, ila mdomo wake haujawahi kuumwa. Mimi nakohoa kidogo, ni gundi, si ugonjwa.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Binti yangu ataipiga picha akutumie leo hii hii, maana Ijumaa haingoji posta. Kusema kwenye simu nimekataa. Neno la simu mtu husema sikusikia vizuri.

Jengo lina msimamizi mpya, shati limenyooka kuliko ukuta. Mwezi uliopita alisema sisi mafundi watano wa barazani atabakiza wawili. Ijumaa hii saa nne atafungua ukurasa wa kila mmoja mtandaoni, asome wateja wanasemaje. Nikamwambia kizuri chajiuza. Akajibu, "Sawa mzee, tutaona kimejiuza kwa nani." Miaka arobaini na moja ya chumba hiki, mpwa wangu, inaning'inia kwenye kidole cha mtu asiyejua kisigino kinagongwaje!

Binti yangu akawaambia nyie wa ukoo mniandikie sifa. Sikumtuma, ila sikumkataza, niliposomewa nilifurahi. Siku mbili tu, sifa kumi na tisa, zote nyota tano. Yako ilikuwa tamu kuliko zote: "Jana nilipita kwa fundi huyu, akanishonea viatu nikingoja." Jana! Miaka tisa hujakanyaga hapa. Na shemeji yako Kifuniko akasema nimemnyoa vizuri. Kinyozi yuko chumba cha pili!

Katikati ya asali hiyo ikaingia nyota moja. Mwalimu wa kike wa shule ya pale nyuma kaandika kwamba soli niliyombandikia iling'oka akiwa ubaoni, darasa zima likacheka. Nikawaka. Binti yangu akasema, "Baba, tumwombe kwanza alete kiatu." Nikamwambia aandike ninavyosema: kiatu hicho si changu, wewe mama ni mwongo, kazi yangu haing'oki. Akaandika.

Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita, mwalimu akatokea na kiatu ndani ya mfuko. "Shikamoo mzee. Mwongo nimefika."

Kinyozi akabaki na mkasi hewani, mteja wake kichwa nusu.

Wewe alama yangu unaijua, umekua miguuni pangu. Kila kiatu kinachotoka kwangu, kisiginoni, chini ya ngozi ya ndani, napiga misumari mitatu midogo ya shaba, pembetatu. Basi nikasema kwa sauti wote wasikie: tufunue, na misumari isipokuwepo mama huyu aniombe radhi. Nikafunua. Misumari mitatu, inang'aa kama meno ya mtu anayecheka.

Mwalimu akasema, "Nasubiri, mzee."

Kosa nililijua palepale. Siku ile nilibandika soli gundi haijakauka, nionekane nina kasi kuliko fundi wa ng'ambo ya barabara. Nikamwambia hivyo hivyo. Ulimi ulikuwa mzito kama nyundo. Nikamwomba radhi mbele za watu, nikang'oa, nikasugua, nikangoja gundi, nikashona mara mbili. Mshono ule hakuna fundi mwingine angeuweza, hilo sifichi.

Akingoja, akasoma sifa zenu. "Huyu alipita hapa jana?"

"Huyo mpwa wangu."

"Anakaa wapi?"

Nikanyoosha kidole juu, kule ndege zinakopita. Akacheka, kisha akaacha. "Mzee, mimi nisiyekujua nikiona haya siamini hata moja. Hata wanaosema kweli nitawaona wamehongwa."

Tangu siku hiyo simwombi mtu nyota. Anayechukua kiatu namwambia: vaa wiki nzima, kisha ukitaka kusema sema, na kibaya useme. Wamesema wanne. Muuguzi kasema anasimama kutwa na soli haijasogea. Mpishi wa mgahawa kasema nilimchelewesha siku mbili, ni kweli. Dereva wa lori kasifu uzi. Mwalimu kaigeuza nyota yake moja kuwa nne, kaandika: "Alikosea, akaniita mwongo, akafunua kiatu mbele za watu akakubali. Ana majivuno. Soli imeshika." Nimemjibu: asante, na majivuno ni kweli.

Sasa hili si ombi, ni amri. Futa. Wengine kumi na sita wameshafuta, mmebaki wewe, mkeo na Kifuniko. Najua ni mapenzi. Fundi saa wa hapa barazani ana maoni sitini, na Ijumaa huenda nikatolewa. Nikitolewa nitatoka na nyundo yangu na watu wangu wanne. Lakini nikibakizwa na ile "jana" yako ya uongo, kila asubuhi nitakuwa nafungua mlango usio wangu.

Kama unataka kunisaidia, vipo viatu vyeusi nilivyokutilia soli siku ulipoondoka. Funua kisigino uione misumari, kisha andika ukweli wake: vimedumu miaka mingapi, au vilikufia njiani. Hata kama ni nyota mbili, nitazipokea.

Msalimie mkeo, wabusu watoto, na Kifuniko mwambie akatafute kinyozi. Mungu aishike miguu yenu huko mnakotembea.

Ukiona haya ni maneno ya mzee anayejisifu, muulize mwalimu. Muulize kinyozi na kile kichwa nusu. Au muulize mama yako: alikuwa kwenye benchi langu nilipoomba radhi, na mpaka leo ananitaka nirudie, eti hakusikia vizuri.

Mjomba wako, anayekupenda hata akikugombeza,
Fundi Viatu