Soketi Kwenye Bampa

Canora, Saskatchewan
27 Novemba 1994

Kwa mwanangu Orest,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima huko mgodini na wanakulisha vizuri. Mimi sijambo, ila magoti na masikio, na hayo umeshayazoea. Simu usinipigie. Nitabaki nikisema "eh?" na wewe utapiga kelele mpaka wenzako wadhani tunagombana.

Mama yako bado yuko kwenye nyumba ya wagonjwa mjini. Tangu kile kiharusi hatamki neno la maana, na hali chakula ila kwa mkono wangu. Wauguzi wakileta kijiko anafumba mdomo. Kwa hiyo kila mchana niko pale, namlisha supu ya bitiruti, anaimaliza. Nisipofika anashinda na njaa. Ndivyo tunavyoishi sasa.

Taabu ni pikapu. Baridi imeingia, na hiyo dizeli yako usipoichomeka kwenye umeme usiku kucha injini ipate joto, asubuhi haiwaki. Plagi ya hita, hicho kipasha joto cha injini, imening'inia nyuma ya bampa, chini kabisa. Lazima nipige magoti kwenye theluji na kupapasa humo kama natafuta yai la kuku. Jana nilishindwa kuinuka, nikatambaa mpaka mlangoni. Ungeniona ungecheka kwanza. Jirani yetu Lorne, ambaye angenisaidia, ameshakimbilia Arizona kuota jua kama mjusi. Niambie nifanyeje.

Ni mimi,
Baba yako

Kambini
6 Desemba 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, chakula tele, jua ndilo halionekani. Magoti yanaendeleaje? Na Mama?

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimekosa raha. Ruhusa hawanipi mpaka Machi. Basi nakutumia soketi yenye kifuniko, ya kufungwa usoni mwa bampa. Toboa bampa kwa drili upande wa dereva, kaza skrubu zote, kisha unganisha waya wake na ile plagi ya zamani. Waya ufunge kwa vibanio vya plastiki, usikaribie feni wala bomba la moshi. Paka grisi kidogo isishike kutu. Ukimaliza utakuwa unachomeka ukiwa umesimama wima kama bwana harusi.

Ndege ya barua huja mara moja kwa wiki, hali ya hewa ikikubali. Nijibu haraka.

Mwanao,
Orest

Canora
19 Desemba 1994

Mwanangu Orest,

Hujambo? Huku tumshukuru Mungu. Soketi imefika na nimeifunga! Nilitandika gunia, nikalala chini mara moja ya mwisho, nikatukana kwa lugha zote mbili ninazozijua. Sasa imekaa pale inang'aa, mtu anachomeka huku kashika kikombe cha chai. Marehemu babu yako angekuja kuitazama tu. Jioni hii nimechomeka mara ya kwanza, kesho naenda kumwambia Mama yako.

Tarehe 21. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Pikapu haikuwaka. Jana haikuwaka, leo haikuwaka, na usiku kucha ilikuwa imechomekwa. Umeme upo ukutani, nimejaribu kwa taa. Nilimpigia fundi wa mjini, nikasema yangu bila kusikia yake, nikakata. Hajaja. Huenda alisema haji. Nilisimama barabarani mpaka ndevu zikaganda, hakupita mtu ila wa posta, na njia yake ni ya upande wa pili.

Orest, Mama yako anakaa na njaa kule, na mimi nimekaa hapa naitazama soketi.

Baba

Kambini
29 Desemba 1994

Baba,

Shikamoo. Pole sana, pole mno. Dhoruba iliizuia ndege, barua yako nimeipata leo.

Je, ilikuwa inaimba? Hita ikifanya kazi, maji ya kwenye injini husikika yakichemka kama birika. Ndipo nikakumbuka. Wewe ulikuwa unachomeka, Mama anaweka sikio kwenye boneti, anakwambia, "Inaimba, Stefan, twende tukalale." Nilikuelekeza kazi ya mikono nikasahau kwamba masikio yalikuwa yake. Bila shaka hita yenyewe imeungua, huko ndani, na soketi yako haina kosa.

Usisikilize, tazama. Nenda kwenye mita ya umeme uangalie kile kisahani kinachozunguka. Ukichomeka kikaongeza mbio, hita ni nzima. Fundi nimeongea naye kwa simu ya kambi, atakuja na hita mpya.

Na habari njema: nimepiga simu kwa wauguzi pia. Mama anakula! Anakula vizuri kabisa. Kwa hiyo tulia, Baba.

Mwanao

Canora
10 Januari 1995

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Mimi nipo.

Fundi alikuja, akatia hita mpya, na kisahani kilikimbia kama ulivyosema. Mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, tarehe 6, nilichemsha ngano, nikatia asali na mbegu za popi kama alivyokuwa akitia Mama yako, nikampelekea ingali vuguvugu. Alifumba mdomo. Nikamwita kwa jina, akanitazama kama mtu aliyekosea chumba. Kuna muuguzi kijana, Doreen. Alichukua kijiko kilekile mkononi mwangu, Mama yako akafungua mdomo, akala bakuli zima.

"Samahani, mzee," Doreen aliniandikia kwenye karatasi, "amenizoea tu siku zile ulipokwama." Nikamwambia vizuri, vizuri sana, kwa sauti kubwa mno, chumba kizima kikageuka. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Nikiingia anageuza uso kuelekea mlangoni kumtafuta yule msichana.

Naona wivu, Orest. Mke wangu anakula na mimi nimekasirika. Naona aibu kukuandikia, lakini nimwandikie nani? Usitume kitu. Hapa hakuna cha kukaza wala cha kuunganisha.

Soketi ni nzuri sana. Asubuhi natoka, nachomoa nikiwa nimesimama, natia ufunguo, injini inawaka mara moja. Nakaa ndani ya gari mpaka barafu iyeyuke kwenye kioo. Halafu naizima, nachomeka tena, narudi ndani ya nyumba.

Baba yako