Okei ya Baba

Bagamoyo,
Ijumaa, baada ya Alasiri.

Kaka yangu mpendwa Haidar,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo kaka. Natumai waraka huu utakukuta huko Maskati ukiwa mzima wa afya, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Shangazi Tatu magoti yanamsumbua lakini mdomo haujambo, unamjua mwenyewe. Nami sijambo, ila mgongo tu, maana kumgeuza mtu mzima kitandani si sawa na kugeuza chapati.

Najua utacheka ukiiona bahasha. Nani siku hizi anaandika barua na simu zipo? Lakini wewe ukisikia tu sauti yangu imebadilika unasema mtandao unasumbua, unakata. Na haya si mambo ya kurekodi yakaja kusikika sebuleni kwako mbele ya watoto. Kwa hiyo nimempa Adila, yule binti wa jirani anayemfuata mumewe huko, akukabidhi mkononi. Kaa chini usome, kaka. Usisome umesimama.

Ulipotwambia umepata nafasi ya kuhiji mwaka huu tulifurahi sana. Ukasema huondoki mpaka Baba akuridhie, kwamba hija ya mwana asiye na radhi ya mzazi wake ni kwenda kupigwa jua tu. Hapo ulisema kweli, na nilikupenda kwa kuisema. Ndipo tukapanga ile simu ya Jumapili.

Nilimwekea Baba simu sikioni, sauti nimeifungua. Ulilia, kaka, sote tulikusikia. Ulitaja shamba la Mapinga kwa jina lake, kwamba Baba alikutuma ukasimamie upimaji, nawe ukaliuza lote, na kaburi la Mama humo ndani, ukapanda ndege. Hujawahi kuyasema hayo kinywani mwako tangu uondoke. Ukamuuliza kama amekuridhia. Baba akasema okei.

Loo, Shangazi Tatu! Alipiga vigelegele mpaka Jyotsna wa duka la vitambaa akatoka nje kuuliza hapa nani anaolewa. Kesho yake habari ilikwishafika Kaole na Zinga, na naapa hakutumia simu hata mara moja. Nawe ukaniletea ujumbe kwamba baada ya Ijumaa isomwe dua ya shukrani, na mimi nisimame mbele ya Baba mdogo Ashrafu na wazee wa ukoo, nishuhudie kuwa nimeisikia radhi kwa masikio yangu.

Haidar, ushahidi huo siwezi kuutoa.

Kiharusi kilipompata Baba tulikwambia anasema maneno mawili matatu. Hivyo ndivyo msafiri anavyoambiwa, asije akalia peke yake ugenini. Ukweli ni kwamba kilimwachia neno moja tu, na neno lenyewe ndilo hilo, okei.

Baba yetu, mwalimu wa chuo cha Kurani! Umesahau bakora uliyokula kwa kumwitikia hivyo? Alikuwa akituuliza, naam imekwenda wapi? Labeka imekufa lini, na nani aliizika? Haya ipo, sawa ipo, vyema ipo, inshallah ipo, na bado unakwenda kuazima la Mzungu kama mtu asiye na kwao. Aliswalisha miaka mingapi, alisomesha Kurani mitaa mingapi, na katika yote hayo ulimi umebaki na lile alilokuwa akilikemea. Daktari alisema ugonjwa huu hauchagui, unaacha unachoacha. Mimi nilitoka nje nikakaa barazani, nikamkasirikia Mungu, kisha nikatubu.

Basi tangu hapo mimi ndiye mwanafunzi wa neno hilo. Okei fupi, ya juu, ni maji. Ya kuvuta, inayoishia chini, ni bega linauma. Akitaka kugeuzwa anasema okei okei okei haraka haraka, kama anafukuza kuku kwenye mpunga. Uji ukizidi sukari ni okei, na ukikosa ni okei. Hapo inabidi umtazame nyusi. Adhana ikilia anasema okei na machozi yanamtiririka, kwa kuwa moyoni anaitikia, ila mdomoni linatoka hilo. Paka akikatiza chumbani, okei. Siku moja Shangazi akamtania, akamuuliza kama tumtafutie kigoli aoe. Okei! Tukacheka, naye akacheka kwa upande wa uso ulio mzima. Baadaye nikamkuta Shangazi jikoni ameziba mdomo kwa khanga, analia.

Sasa ile ya kwenye simu ilikuwa ipi? Nilikuwa nampaka mafuta ya habasoda kwenye ule mguu uliokufa. Ilikuwa fupi, si ya juu si ya chini. Sijapata kuisikia ya namna ile. Nilitaka sana iwe yako, wallahi nilitaka.

Kwa hiyo nikangoja Shangazi aende kwake na habari zake. Nikakaa kando ya kitanda, nikamshika Baba ule mkono wenye nguvu. Nikamuuliza kama anataka maji, akasema okei. Nikamuuliza kama nifungue dirisha, okei. Nikamuuliza kama ameniridhia mimi, mwanawe Samia, na makosa yangu yote. Akasema okei, akanibana vidole mpaka vikaniuma. Nikafurahi, nikapata moyo. Nikamuuliza, na Haidar je?

Akanyamaza.

Nikadhani hakusikia. Nikarudia kwa sauti, nikamwambia ni Haidar, mwanao wa kwanza, anakwenda kuhiji, anangoja neno lako. Akanitazama kwa macho yale yale ya chuoni, ya mtu anayejua umekosea wapi. Akafunga mdomo. Aliufunga mwenyewe, kaka, akaukaza mpaka midomo ikapauka. Kisha akageuza uso ukutani, yeye ambaye hageuki bila mimi. Nilikaa pale mpaka Magharibi ikaadhiniwa, na hata adhana hakuiitikia.

Mtu anayemwambia paka okei, Haidar. Kwako alikataa kuisema.

Hukuwepo mnunuzi alipojenga ule ukuta kule Mapinga. Mimi nilikuwepo. Idi ile tulikwenda na Baba, amevaa kanzu yake nyeupe, tukakuta geti na mlinzi. Mlinzi si mtu mbaya, alimpigia tajiri wake Dar, tajiri akasema hana habari ya kaburi na asiingie mtu. Baba hakubishana. Alisimama nje juani, ameelekea matofali, akasoma Yasini yote kwa moyo. Kila Idi alikwenda hivyo hivyo mpaka kiharusi kilipomlaza. Hajakulaani mbele yangu hata siku moja, hilo nalishuhudia mahali popote. Aliacha tu kukutaja.

Hata hivyo sikukata tamaa siku ile. Nilisema nitamjaribu tena siku nyingine, nimkute moyo umelainika, nikasema kumbe hata yeye ni mzazi. Nilinuia kukupigia yakishakaa sawa, usijue lolote. Jumanne asubuhi nikampelekea uji, nikauweka, nikangoja okei yake. Haikuja. Nikamwita, nikamtekenya unyayo, nikamtajia paka, nikamtajia Mama. Daktari akaja akasema kiharusi kimerudi na safari hii kimechukua kikubwa. Akasema tumuuguze nyumbani, tumsomee. Macho yako wazi lakini hayamfuati mtu. Lile neno moja limekwenda.

Kwa hiyo hata ukipanda ndege leo, kaka yangu, hakuna wa kumwomba. Njoo kama unakuja kumuuguza na kumzika. Usije kwa kutafuta radhi, haipo, na mimi sina pa kukutolea.

Usiniulize kama uende hija au usiende. Masheikh wa huko watakwambia Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema, na ni kweli, lakini wewe hukuniuliza habari za Mungu. Uliniuliza nilisikia nini kwa Baba. Leo baada ya swala nilimwambia Baba mdogo Ashrafu asisome dua ya shukrani, asome ya mgonjwa. Alinitazama, akaelewa, akaniambia pole. Shangazi sijamwambia. Bado anawahadithia watu alivyosikia, na akifika kwenye ile okei anapiga tena kigelegele. Nimeshindwa kumnyang'anya.

Nina hasira nawe, Haidar, na nakuonea huruma mpaka kifua kinauma. Vyote ninavyo na sijui nikufanyie kipi.

Nisalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Hapa Shangazi Tatu anakusalimu. Baba mdogo Ashrafu anakusalimu. Jyotsna naye amesema usikose kupewa salamu zake.

Salamu za Baba sina.

Mdogo wako,
Samia Mwinyimvua