Chuma Hiki Apewe Mzee Magesa

Chang'ombe, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada Bhoke,

Shikamoo. Barua yako imefika, na mwandiko ni wako kweli, si wa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nimeujua kwa sababu herufi zote zimeinama upande mmoja kama wewe ukiwa umebeba ndoo. Hongera sana. Sasa shemeji hatapata tena nafasi ya kukusomea nusu na kuficha nusu. Nami nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome hii mwenyewe, polepole, bila kumpa mtu akusaidie. Nakuomba iwe hivyo.

Nimefurahi kusikia mtoto amepona surua na mgongo wa mama huko Nyamwaga umetulia. Nimeandika "nimefurahi" kwa sababu ndivyo mtu anavyoandika. Ukweli ni kwamba niliisoma habari hiyo nikaona ni njema, basi, nikaikunja barua. Siku hizi niko hivyo. Juzi nilishika chuma kilichokuwa bado cha moto, na mwenzangu ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa nakitazama tu. Kidonda kinapona, usimwambie mama.

Kazi ipo. Kiwanda chetu kinatengeneza majembe, plau na magurudumu ya mikokoteni, na mimi niko upande wa kuchomelea. Wananiita Mura, kama vile Wakurya wote tuna jina moja. Sabuni ni ya foleni, unga ni wa foleni, na ukifika mbele unaweza kuambiwa vimekwisha. Tumezoea. Mkubwa wa karakana ananisifu kwamba mikono yangu ni mizuri, na mimi nasema ahsante.

Sasa nijibu swali lako. Umeliweka chini kabisa, baada ya salamu zote, kama mtu anayetupa jiwe kisha anajificha. Umeuliza kama ni kweli Wambura alikuwa amelewa siku ile. Unasema hapo kijijini wanamwita Dereva wa Korongoni, kwamba mguu umeunga ukiwa mfupi, kwamba anakaa nyuma ya nyumba ya baba yake akichonga viti na hataki kusikia habari ya kurudi shule. Na unasema ulipompelekea uji alikwambia kwamba labda kweli hakukanyaga breki, kwamba yeye mwenyewe hajui tena.

Hapo ndipo niliposimama kusoma. Dada, Wambura hakulewa. Hata pombe ya mtama hanywi, humchefua. Na breki alikanyaga. Mimi ndiye ninayejua, na nimenyamaza tangu mvua za vuli.

Nitakueleza yote kwa mpangilio, maana wewe hukuwepo.

Mwaka jana shule za ufundi ziliambiwa zishindane. Kila shule iunde gari la kijiji, kwa vitu vinavyopatikana nchini, gari la kubeba magunia sita ya mahindi kutoka shambani, na mgonjwa likibidi. Watu wa kiwanda hiki ndio walikuwa waamuzi, na walikuwa wanatafuta vijana wa kuwaajiri. Kila mmoja wetu alijua kwamba mashindano yale ndiyo mlango. Shuleni kwetu tulikuwa watano. Wambura ndiye aliyechora gari lote kwa penseli, akasema anachora barabara ya hapo kwenu Nyambureti kwanza, gari baadaye. Lilikuwa la magurudumu matatu na injini ya pampu ya maji. Mimi nilichomelea, yeye akawa dereva, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anamwelewa yule mnyama.

Karakana yetu ya shule ilikuwa na desturi moja. Ukichomelea, juu ya chuma linabaki ganda jeusi. Unaligonga kwa nyundo mpaka litoke, ndipo unaona kama vyuma viwili vimeshikana au vimepakana tu. Na mwenzako lazima akuulize, hata kama mmegombana: chuma umekiona? Unajibu nimekiona. Ukishajibu hivyo, hakuna anayerudia kuangalia. Ni neno la mtu.

Siku ya mwisho umeme ulikatika nikiwa nachomelea fimbo ya breki, ile inayotoka kwenye pedali kwenda nyuma. Ulirudi jioni, nikamalizia haraka. Mwalimu alikuwa ameshakoroga rangi ya kijani, anataka gari likauke kabla lori halijaja kulichukua. Nilikuwa nimechoka na nyundo ilikuwa upande wa pili wa karakana. Ndiyo hivyo tu, dada. Hakukuwa na sababu kubwa. Wambura akaniuliza kama kawaida yetu, akiwa ameshika brashi.

"Chuma umekiona?"

"Nimekiona."

Akapaka rangi.

Siku ya mashindano tulikuwa tunaongoza. Tulipandisha mlima na magunia sita, wengine walikwama na manne. Likabaki kushuka. Gari likaja, likaanza kuja kwa kasi, watu wakashangilia wakidhani ni mbwembwe, kisha likatoka barabarani na kupinduka korongoni. Wenzangu walikimbilia kumwinua Wambura. Mimi nilikimbilia chini ya gari. Hilo nalo lijue. Fimbo ilikuwa imekatika pale pale nilipochomelea, na kipande kimelala kwenye nyasi. Nikakitia mfukoni. Gari lilikuwa limevunjika sehemu nyingi, hakuna aliyekitafuta.

Waamuzi waliandika kwamba gari ni zuri, dereva alichelewa kukanyaga breki. Tukapewa nafasi ya pili. Nani aliongeza habari ya pombe, mimi sijui.

Nilikwenda kumwona hospitali siku ya tatu. Mguu ulikuwa umening'inizwa. Hakunisalimu, aliniambia tu, "Nilikanyaga, Mwita. Nilikanyaga mpaka mwisho." Nikamwambia apumzike. Kipande kilikuwa mfukoni mwangu wakati ule ule, nilikuwa nakigusa kwa vidole. Ndipo nadhani ganzi hii ilianza, maana nilitoka pale nikala wali wangu wote.

Nilimwambia mwalimu mmoja tu. Akafunga mlango, akaniambia nikisema sasa shule nzima itapoteza, na mguu wa Wambura hautanyooka kwa maneno. Akasema ninyamaze. Nisimsingizie, nilikuwa nimekwenda kwake nikitaka kuambiwa hivyo. Baada ya mwezi barua ya kiwanda ikaja, nafasi moja, na jina lilikuwa langu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha Dar es Salaam.

Sasa sikiliza. Barua hii anakuletea Mzee Athumani, fundi cherehani wa Mugumu, aliyekuja huku kutafuta vitambaa na anarudi kwa treni ya Mwanza. Pamoja na barua ana kitu kizito kidogo, kimefungwa kwenye kitambaa cha shati langu la shule. Ndicho kile kipande. Angalia pale kilipokatika. Upande mmoja unang'aa, hapo kilikuwa kimeshika. Upande mwingine ni mweusi mpaka ndani, hapo hakikuwahi kushika. Na kimepinda kidogo. Kimepinda kwa sababu mtu alikikanyaga kwa nguvu zake zote. Mtu asiyekanyaga hakipindi hivyo.

Usimpe Wambura kwanza. Mpelekee baba yake, Mzee Magesa. Umkute na wazee wengine kama inawezekana, na shemeji awe nawe. Unakumbuka tulivyofundishwa nyumbani: ukichunga ng'ombe wa watu akakufia, huendi mikono mitupu kusema amekufa. Unapeleka ngozi kwa mwenyewe, aione alama yake, ajue hukumla. Mimi nilipewa mtoto wa mzee yule, kwa neno moja la karakana, nikamwangusha, kisha nikaificha ngozi miezi yote hii. Mwambie hii ndiyo ngozi. Mwambie nimechelewa.

Akitaka kunitukana, msikilize mpaka amalize, kwa niaba yangu. Wakisema nije, nitakuja. Kesho asubuhi naingia kwa mkubwa wa karakana hapa kumweleza haya haya, na pia kwamba michoro ya gari lile wanayoisifu si yangu, ni ya Wambura. Kazi ya kuchora hufanywa mtu akiwa amekaa. Sijui kama watamwita. Sijui kama watanifukuza. Nimejaribu kuogopa tangu juzi, siwezi. Nimekipeleka kipande kwa Mzee Athumani kwanza ndipo nikakaa kuandika, ili nisije nikabadili mawazo.

Baada ya mzee, nenda kwa Wambura mwenyewe, huko nyuma ya nyumba anakochonga. Kiweke mkononi mwake, usiseme mengi. Sema tu kwamba alikanyaga.

Msalimie shemeji, na umwambie plau aliyoniuliza bado sijaiona ikitoka nje ya geti. Msalimie mwalimu wa kisomo, amefanya kazi kubwa kuliko anavyojua. Wabusu watoto. Mama mwambie mimi ni mzima, hayo mengine nitamweleza kwa mdomo wangu, shikamoo yake nampa hapa. Na mama yake Wambura, aliyekuwa akinitumia karanga shuleni akidhani mimi ni rafiki wa mwanawe, yeye usimpe salamu zangu mpaka akikuuliza.

Mimi mdogo wako,
Mwita, niliyesema nimekiona.