Chumba Alichochora Ouma

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, lakini mvua imekataa kunyesha.

Leo sijalia. Naandika hivyo kwa sababu watu wamenitazama siku nzima wakingoja nianze, na mimi ni mkaidi. Kesho jioni mwili wa kakangu Ouma unatoka mochari kwenda nyumbani Siaya, na mpaka leo asubuhi hakukuwa na nyumba ya kumpokea.

Asiyejua desturi yetu Wajaluo nimweleze. Mwanamume mzima hazikwi bomani kwa babake kama hajajenga nyumba yake, walau chumba kimoja tunachokiita simba. Akifa kabla ya kujenga, ndugu humjengea haraka, hata kama ni ya mabati, ndipo azikwe. Ouma hakuwa amejenga. Alishinda akiwachorea wengine nyumba kwenye laptopu yake hapa mtaa wa Raila, Kibera, katika chumba tulichopanga sisi wawili, chumba kisicho na dirisha. Nikimuuliza yake ataijenga lini ananijibu, "Hayo ni mambo ya wazee." Kisha kifua kikamshika. Tulidhani ni homa tu.

Nilijua kuna mchoro mmoja ambao si wa mteja. Faili yake inaitwa NYUMBANI. Niliona hilo jina mara nyingi nikipita nyuma yake, na akiniona alikuwa anaifunga. Alipofariki nikasema, kama ni lazima ajengewe, basi ajengewe aliyoichora mwenyewe.

Laptopu ikakataa.

Si kwamba ilikuwa imeharibika. Ilicheza nyimbo zake zote, ikaonyesha picha, na hata historia yake ya kusomwa kanisani niliandikia humo. Lakini ukiigusa ile faili moja, feni inanguruma, skrini inakuwa nyeusi tititi, mashine inajizima. Nilijaribu mbele ya watu wa matanga, nikarudia, nikarudia tena. Shangazi Apiyo, dadake baba, akaweka kikombe chini.

"Wachana nayo," akasema. "Mwenyewe hataki hiyo nyumba ionekane."

Mama, aliyekuja kutoka nyumbani Ouma alipougua, alikuwa amekaa kitandani. Alisikia. Akageukia ukuta, na tangu hapo hakunywa hata chai.

Na mimi, ninayeshinda saiba nikichapia watu barua za kuomba kazi, mimi ninayejua kompyuta ni kompyuta, niliibeba ile laptopu kuirudisha kabatini nikiwa nimeifunga kwa leso. Sikutaka kuigusa kwa mkono.

Jana Baba Mdogo Odera akapiga simu kutoka Siaya. Ndiye anayejenga. Mbao ziko, mabati yako, mafundi wanangoja neno lake tu.

"Nyathina, mwanangu, mwili haungoji laptopu," akaniambia. "Na hata ikifunguka, kama kijana alichora bangalo ya vyumba vitano, tutaijenga na nini? Si tutamwaibisha? Wacha tu nimsimamishie kitu."

"Nipe mpaka kesho mchana, Baba."

Akasema sawa.

Kwa hivyo leo asubuhi nimetembea hadi Kawangware kwa Kyalo, fundi Mkamba kutoka Kitui aliyemuuzia Ouma hiyo mashine. Walikuwa wakitaniana kwa miaka, Ouma akimwita mchawi wa chaji. Kyalo hakuwa amesikia habari za kifo. Nilipomwambia, alizima redio, akamwomba mteja aliyekuwa mbele yangu asubiri nje kidogo.

"Ouma huyu huyu?" akauliza. "Pole, dadangu. Pole sana."

Nikamweleza kuhusu faili. Nikamweleza pia alivyosema shangazi, nikijaribu kucheka. Kyalo hakucheka. Akafungua faili, skrini ikawa nyeusi, akawasha tena, akaingia sehemu zenye maandishi ambayo hata mimi siyajui.

"Hii mashine iko na graphics mbili, za kuleta picha kwa skrini," akasema. "Kuna ndogo, inakaa ndani ya processor. Hiyo ndio ya kazi za kila siku, kuandika, picha, muziki. Halafu kuna kubwa, chip yake pekee, ya kazi nzito. Ukifungua program ya kuchora nyumba, mashine inaamsha kubwa yenyewe. Ukimaliza inailaza, ndio betri isiishe na isichemke. Sasa hii kubwa imekufa. Kila ikiamshwa inaangusha mashine yote."

"Kwa hivyo si yeye."

"Si nani?"

Nikasema si mtu.

Akaniambia kuna njia mbili. Anaweza kuichoma ile chipu kubwa kwa hewa moto, maana nyingine hufufuka kwa wiki kadhaa, nyingine hufa na bodi nzima pamoja na matumaini ya mwenyewe. Au aizime kabisa, mashine isahau kwamba ilikuwa nayo, ndogo ibebe kila kitu.

"Lakini itateseka," akasema. "Na rangi usitarajie. Utaona mistari tu."

Nikamuuliza kama hiyo ndogo ina nguvu ya kufikisha mchoro kwenye skrini.

"Skrini ni ya ndogo tangu zamani. Kwa hii model, hata kubwa ikichora, kazi yake inapitia kwa ndogo ndio wewe uione."

Hapo nilikaribia kulia, nikajifanya natafuta kitu kwa mkoba. Ouma hakupenda kupiga simu nyumbani. Alikuwa na nguvu za kila kitu, kubeba mawe, kubishana na makontrakta, kujifunza kuchora bila kwenda chuo, lakini simu kwa Mama ilimshinda. "Mwambie Mama niko sawa." "Mwambie nitakuja Disemba." Mambo yake yote yalifika nyumbani yakipitia kwangu, na mara nyingi nilimwambia nimechoka kuwa mtumwa wake.

"Izime kubwa," nikamwambia Kyalo.

Ilifunguka polepole mno. Mstari mmoja, kisha mwingine, kisha ikakwama, tukangoja wote wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa bangalo. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Baba Mdogo.

Kilikuwa chumba kimoja.

Futi kumi kwa kumi, sawa na hiki tulichopanga Kibera. Alikuwa amechora na boma letu lote ili akiweke mahali pake. Nililitambua lango, nyumba kubwa, mwembe uliokatwa zamani ambao yeye bado alikuwa ameuweka. Kyalo akaugeuza mchoro kidogo, mashine ikahema, akangoja, akaugeuza tena. Upande wa tatu kulikuwa na dirisha. Dirisha kubwa, kubwa kuliko linavyofaa chumba cha aina hiyo, na linatazama moja kwa moja jikoni kwa Mama.

Mtu aliyesema ni mambo ya wazee alikuwa amepima mpaka kimo cha kizingiti.

Nilipiga picha za skrini kwa simu nikamtumia Baba Mdogo, kisha nikampigia.

"Ni chumba kimoja tu?" akauliza.

"Kimoja."

"Hiyo tunaweza." Nikamsikia akivuta pumzi. "Lakini hili dirisha la nini kubwa hivi?"

"Huku kwetu hatuna, Baba. Tunawasha taa mchana."

Alasiri alinipigia mwenyewe kusema nguzo zimesimama, na kwamba amelitoboa dirisha kama lilivyo kwenye picha, ingawa fundi amelalamika.

Niliporudi, shangazi alinisikiliza habari za graphics mbili hadi mwisho, akatazama chai yake, akasema kompyuta nazo zina mambo. Sikumtaka aseme zaidi ya hapo. Niliketi kitandani karibu na Mama, nikamwambia mchoro umefunguka, ni simba yake, alikuwa ameipima yote, na Baba Mdogo anaijenga hivi tunavyozungumza.

Alinishika mkono.

"Kumbe alikuwa anakuja," akasema.

Kisha akaomba chai. Amekunywa kikombe kizima, na sasa amelala kwenye kitanda cha Ouma.

Laptopu iko mezani, ndiyo ninayoandikia haya. Itakuwa ikitumia ile ndogo peke yake kuanzia sasa. Ni nzito kidogo, lakini inafika. Sijui kama mimi nitafika. Nani atanituma sasa?

Jambo moja sijamwambia Mama. Nimemwomba Baba Mdogo naye asiguse habari hiyo. Maisha yangu yote nimempelekea salamu za Ouma, lakini hii ya mwisho si yangu kuipeleka. Tukifika ataingia jikoni kwake kama kawaida, atainama awashe moto, na akiinua kichwa ataliona dirisha mwenyewe.