Ngome ya Angani, Ukurasa wa Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi 1997
Barua nyingi leo. Zote nimesoma, zote nimegonga muhuri. Vidole vya zambarau mpaka kwenye ugali.

Ukurasa wa kumi na tatu umefika kutoka Mbale. Niliuweka mwisho, kama mtoto anavyobakiza nyama.

Sijui mtu mzima anaanzaje kungoja katuni. Mchoraji ni Nandudu, miaka kumi na moja, anakaa Nkoma, huko Mbale, kwa shangazi yake. Baba yake, Wandera, ni mfungwa wetu, zamani alichora mabango ya maduka. Mtoto ameichukua ile hadithi ya mapigano ya angani ambayo vibanda vya video vinaionyesha kila Jumamosi, akaiendeleza kwa penseli za rangi. Marubani wake wanatoka Mbale. Wanakula malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwetu, ndani ya roketi. Mimi nasoma, nagonga muhuri, nampa Wandera. Yeye anasahihisha mikono na vivuli, anaurudisha kwa posta. Kila ukurasa lazima uwe na muhuri wangu, ndiyo sheria ya gereza. Siku hizi mtoto anaacha duara tupu angani kwa ajili yangu. Muhuri umekuwa sayari.

Wandera anatoka tarehe 29, kesho yake Pasaka. Tabia njema imempunguzia miezi. Anahesabu siku kwa sauti, anatuchosha.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu mke wangu hataki hata kukiona. Anasema ni lugha ya wanajeshi wanaokuja kuvunja mlango. Sawa. Hapa niko peke yangu.

Jumanne, 11 Machi
Wa kumi na nne. Rubani mzee amefungwa ndani ya ngome ya chuma inayoelea kati ya nyota. Nimecheka peke yangu ofisini. Ngome ni gereza letu! Tangi la maji kwenye miguu minne. Bomba la moshi la jikoni. Ghala la mahindi. Hata ua uliobomoka nyuma ya vyoo, ambao tunaomba urekebishwe tangu mwaka jana. Mtoto alikuja mara moja tu, Krismasi, na macho yake yalibeba kila kitu.

Mshale mwekundu unatoka chumba cha rubani, unapita jikoni, unaishia kwenye ua uliobomoka. Roketi inangoja nje.

Nikagonga muhuri. Nilikuwa bado nacheka.

Ijumaa, 14 Machi
Msako wa ghafla. Afande Mkuu wetu ni mpya, amekuja mwezi uliopita, anataka kuonekana. Ukurasa wa kumi na nne umekutwa chini ya godoro la Wandera.

Wandera alisema, "Afande, hiyo ni mchezo ya mtoto tu." Hakuna aliyemsikiliza. Mkuu alishika karatasi, akatembea mwenyewe akifuata mshale. Jikoni. Vyoo. Ua. Akasimama pale kwenye uwazi, ambapo mtu mzima anapita bila kuinama.

Kisha akaniita. "Koplo, wewe nasoma hii kitu, ama napiga muhuri tu?"

Nikasema, "Sikuona vizuri, afande."

Ndivyo nilivyosema. Nilipaswa kusema nimeona, ni hadithi, naijua tangu ukurasa wa kwanza. Nina watoto wanne na nyumba ya serikali. Ulimi ukachagua wenyewe. Wandera alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu na alisikia.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani sikuimba. Wandera yuko chumba cha peke yake. Nilipita na uji asubuhi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nimepata wazo. Kurasa kumi na tatu za kwanza ziko Nkoma. Mkuu akiziona zote kwa mpangilio, ataelewa ni hadithi. Jumanne sina zamu.

Jumanne, 18 Machi
Mbale. Boda boda hadi Nkoma, vumbi hadi kwenye meno. Shangazi mtu alinikaribisha vizuri, soda na karanga. Aliona sare akashtuka, nikasema ndugu yako mzima.

Nandudu alinitambua kabla sijakaa. "Afande wa muhuri!" Akacheka pengo la meno yangu. Akazileta kurasa ndani ya bahasha ya kaki, safi, zimenyooka. Sikumwambia nazitakia nini. Nilisema wakubwa wanataka kuziona. Alifurahi sana. Alidhani wakubwa wamezipenda.

Akauliza, "Baba atakula Pasaka na sisi?" Shangazi amekwisha kununua kuku, anamlisha. Nikasema tutaona. Nikanywa soda yote ili nisiongee tena.

Anachora wa mwisho, amesema. Ni siri.

Jumatano, 19 Machi
Nimezipanga mezani kwa Mkuu, moja hadi kumi na tatu. Nikaeleza vizuri. Nikakiri kwamba wa kumi na nne niliuona na kuuelewa.

Aliangalia kila mmoja, polepole. Hakuangalia marubani. Alikuwa akiangalia mihuri. "Kumbe hii mambo ni ya siku mingi," alisema. "Na wewe koplo ndiyo mlango." Akazitia zote kwenye faili.

Nimempelekea ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe. Mjinga mimi. Nilipanda gari hadi Mbale kwenda kumkaza mtu kamba.

Jumatatu, 24 Machi
Uamuzi umerudi kutoka juu. Siku zote za tabia njema zimefutwa. Atakaa miezi minane zaidi. Hakuna barua wala wageni hadi Septemba. Mimi nimepewa onyo la maandishi na nimebaki mezani pangu, maana hakuna mwingine anayesoma haraka. Onyo tu. Naona haya.

Mafundi wameziba ua leo. Kazi ya nusu siku.

Nilimwambia Wandera mimi mwenyewe, kupitia kidirisha. Aliuliza jambo moja: nani atamwambia mtoto. Usiku nimeanza barua kwa shangazi mara tatu. Haina mwanzo mzuri.

Ijumaa, 28 Machi
Ijumaa Kuu. Barua ya shangazi imeondoka jana na dereva wa basi. Haitawahi, au itawahi. Sijui nataka lipi.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua tangu alfajiri. Gereza kimya.

Mfuko wa barua umeletwa saa nne. Ukurasa wa kumi na tano ulikuwemo. Ameutuma kabla ya kujua.

Ni picha moja tu, ukurasa mzima. Lango la ngome, chuma kitupu. Rubani mzee ndani na kifurushi chake, anangoja. Nje, mlinzi wa lango. Ana pengo. Kofia imepinda kama yangu. Mkononi ana muhuri. Angani hakuna duara safari hii. Duara liko katikati ya lango, pale penye kufuli, tupu, limeachwa.

Wandera haruhusiwi kuupokea. Nilikaa nao hadi chai ikapoa.

Kisha nikafungua wino. Nimegonga pale alipotaka, taratibu, wino usitapakae. Nikaandika tarehe. Nikauweka kwenye droo, nikageuza ufunguo, nikaendelea na barua nyingine.