Siku Neema Alipomuuliza Baba Yake

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, uwanja wa kanisa letu la kigango unateleza kama umepakwa sabuni. Nina furaha mbaya moyoni leo, na sitaki kuificha hapa.

Kila Jumamosi nawafundisha watoto wa hapa Nemba kuendesha baiskeli. Wengi wanakuja na baiskeli za baba zao, kubwa kuliko wao, wanapenyeza mguu chini ya chuma cha kati na kuendesha kiubavu. Naanza na breki. Kisha kutazama nyuma bila kuyumba. Kisha kushuka na kuikokota baiskeli kila wanapovuka barabara. Kulia, kushoto, kulia tena.

Sababu ni mwanangu Jovina. Mwaka jana, wakati wa kupalilia maharage, aligongwa na mchomoko, yale magari madogo ya abiria, kwenye kona ya kushukia gulioni. Gari halikusimama. Jovina alilitambua, ni la jirani yetu, Baba Neema. Kina mama waliokuwa shambani waliliona pia, lakini ndilo linalowabebea ndizi zao, wakanyamaza. Kwenye ofisi ya kata yule bwana aliapa kwamba siku ile hakupita njia hiyo kabisa. Mfupa uliunga vibaya. Jovina anachechemea mpaka leo.

Sijamsamehe. Padri anajua, nimemwambia.

Leo asubuhi gari lile lile limeegeshwa kando ya uwanja. Baba Neema akashuka, akamshusha binti yake na baiskeli ndogo nyekundu.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Ni mdogo kwangu kwa umri.

Sikuitikia. Wazazi wengine wakaangalia chini.

"Nimekuletea mtoto. Anataka kujifunza."

Nikamshika Neema mkono, nikampeleka kwa wenzake. Ni mtoto mzuri, ana adabu, anasikiliza. Nilipomwita Jovina aonyeshe namna ya kuvuka, Neema akamtazama anavyotembea.

"Dada, mguu wako umefanyaje?"

"Niligongwa na gari."

"Dereva alikupeleka hospitali?"

"Hakusimama."

Neema akanigeukia. "Kwa nini hakusimama, mwalimu?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na nafasi ya kusema hivyo, na niliiona.

"Kamuulize baba yako," nikamwambia. "Yeye anamjua."

Akaenda mbio, akateleza, akainuka na tope magotini. Akamuuliza kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona, uwanja mzima ukasikia. Baba Neema akatazama funguo mkononi mwake. Akatutazama sisi. Nilidhani atamkaripia.

"Nilikuwa na abiria, mwanangu," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Nilikuwa.

Mama mmoja kati ya wale wa shambani akafunika mdomo kwa kitenge. Mimi nilisimama wima. Mwaka mzima nimelisubiri neno hilo, na amelitoa mwenyewe, mchana, mbele ya watu.

Somo lilipoisha, Neema alikataa kupanda gari. Akaikokota baiskeli yake pembeni mwa barabara kama nilivyomfundisha, akilia, na baba yake akamfuata nyuma polepole, taa zikiwaka. Niliwatazama mpaka wakapotelea kwenye migomba.

Nimemtumia mtoto. Najua. Nimejaribu kuona aibu jioni hii, haiji. Nimekula ugali wangu wote na kuomba mboga tena.

Jovina ndiye aliyeacha chakula. "Mama, Neema atarudi kweli Jumamosi?"

Nikamwambia atarudi. Sina hakika, lakini nataka arudi. Nitamfundisha vizuri kuliko wote, apende kuja, amsumbue baba yake amlete. Na kila Jumamosi yule bwana atasimama pale pembeni mwa uwanja, amtazame Jovina akivuka.

Shikamoo yake sitaiitikia.